Shemeji Hakuwa Wakili

Karakanani walimwita Sindano, na aliyemwona kwa mara ya kwanza alicheka, maana mwembamba hakuwa hata kidogo. Jina lilitoka kwa bosi mwenyewe, mama mmoja mwenye pumu na maneno machache, siku alipomkuta akishona mgongo wa kochi kuukuu kwa ile sindano ndefu iliyopinda, mkono unakwenda wenyewe huku yeye amegeuka kujibizana na watu. "Huyu sindano anayo mwilini," bosi akasema. Basi likaganda.

Kazi yao ilikuwa kufufua makochi. Watu walileta viti walivyoachiwa na wazazi wao, vingine sponji limelala hadi ukikaa unagusa mbao, vingine springi zimechomoza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Sindano na mwenzake, jamaa aliyeitwa Gundi kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake na ndiyo iliyokuwa harufu yake, waling'oa kitambaa, wakatoa misumari midogo mmoja mmoja, wakakaza springi, wakavika upya. Kochi likitoka hapo, mwenyewe alilitazama mara mbili kabla ya kukubali kuwa ni lake.

Sindano alikuwa mgeni katika nchi ile. Alikuja kwa kibali cha kazi ambacho bosi alimwombea baada ya kukosa fundi wa kushona kwa mkono. Nyumbani alimwacha mwanawe wa pekee kwa bibi yake, mtoto wa kiume aliyekuwa bado anang'oka meno ya utoto. Baba yake mtoto alikuwa ameshafariki. Mpango ulikuwa mmoja tu: ajipange, apate chumba cha kutosha watu wawili, kisha amlete. Lakini kila mwaka kulikuwa na lake. Chumba kidogo. Bibi anaumwa, hataki kuachwa peke yake. Shule iko katikati ya muhula. Alipokuja kushtuka, sauti ya mtoto kwenye simu ilikuwa imekuwa nzito, na sheria ya nchi ile kila mgeni aliijua: mtoto huombewa kibali cha kumfuata mzazi kabla hajatimiza miaka kumi na minane. Akishatimiza ni mtu mzima, ajitafutie njia yake.

Kibali chake mwenyewe nacho kilikuwa kinakaribia kuisha. Yalikuwa maombi mawili sasa, lake na la mtoto, na mhasibu wa bosi aliyemshughulikia zamani alikuwa ameshastaafu. Dada yake mkubwa, ambaye alitangulia kufika huko miaka mingi kabla yake, ndiye aliyesema, "Kwa nini uhangaike na watu usiowajua, mdogo wangu? Si shemeji yako yupo?"

Shemeji aliitwa Balozi. Alikuwa na meza nyuma ya duka la kutengeneza simu, nyuma ya ile rafu ya kioo yenye makava ya rangi zote. Juu ya meza kulikuwa na mashine ya kuchapia, mihuri mitatu na kalamu zilizosimama ndani ya kikombe. Koti lake la suti halikutoka mgongoni mwa kiti. Mtu akiingia na shida ya uhamiaji, Balozi alilivaa kwanza, ndipo akamkaribisha. Alizungumza habari za maofisi kama mtu mwenye funguo zake mfukoni. "Yule mkubwa wa ghorofa ya pili," angesema, "huyo tunaelewana."

Na Sindano alikuwa na deni la fadhila kwake. Siku alipofika nchini ni Balozi aliyempokea na kumbebea mizigo. Alilala sebuleni kwao mpaka alipopata chumba, na hakuna siku shemeji alimfanya ajione mzigo. Kwa hiyo alimkabidhi pasipoti, picha, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na hela aliyoambiwa, bila kuuliza swali hata moja.

"Nayapeleka yote mawili kwa mpigo," Balozi alimwambia. "Wewe tulia, shona makochi yako."

Akatulia. Baada ya muda akauliza, akaambiwa karatasi ziko njiani. Akauliza tena, akaambiwa mtandao wao umelala. Mara ya tatu afisa alikuwa likizo. Mara ya nne Balozi alimjibu huku akicheka kidogo, "Shemeji, wewe una haraka kama umeacha chungu jikoni." Sindano naye akacheka, maana angefanyaje.

Siku moja bosi alimwita pembeni, kwenye majora ya vitambaa. "Sindano, wakaguzi wanapita kwenye mtaa huu. Wameshaingia pale kwa maseremala. Nahitaji kibali chako kipya."

"Kiko mezani kwa mkubwa, bosi."

"Mkubwa gani?"

Hapo ndipo Sindano alipoona kwamba hajui. Aliomba ruhusa ya asubuhi moja, akaenda uhamiaji mwenyewe.

Ukumbi ulijaa. Viti vilikuwa vya chuma, vimefungwa sakafuni kana kwamba kuna mtu angetamani kuviiba. Namba zilipanda kwenye kioo cha ukutani, zikasimama, zikaruka, na kila ziliporuka watu waligunaguna na kuangalia karatasi zao. Dirisha lenyewe lilikuwa na tundu la kuongelea lililokaa chini mno, hata kila aliyefika pale alilazimika kuinama kama anayeomba radhi. Nyuma ya kioo alikuwa dada mmoja mwenye mafua. Alichukua pasipoti, akaandika, akasubiri, akaandika tena.

"Hakuna ombi lolote hapa, mama."

"Naomba uangalie vizuri. Lilipelekwa zamani."

"Nimeangalia kwa jina, kwa namba ya pasipoti, kwa tarehe ya kuzaliwa. La mwisho ni hili lililokwisha muda."

"Na la mtoto?"

Yule dada akainua macho. "Mtoto gani?"

Sindano alibaki ameinama palepale, mdomo kwenye tundu. Aliyekuwa nyuma yake akakohoa kumwashiria asogee.

Hakurudi kazini. Alikwenda moja kwa moja duka la simu. Balozi alimwona, akavaa koti.

"Ule mtandao wao mbovu," alisema, kabla hata ya kumaliza kumsikiliza. "Hauonyeshi kila kitu." Alipoona hilo halipiti, akasema alikuwa anakusanya ya watu wengi ili ayapeleke pamoja, ndivyo wakubwa wanavyopenda. Hilo nalo lilipokwama, akashusha sauti. "Shemeji, kulikuwa na matatizo kidogo. Sikutaka kukutia presha."

"Kibali changu kimeisha. Naishi hapa kama mwizi. Na mwanangu anakaribia miaka kumi na minane."

"Tutarekebisha."

"Nani atarekebisha? Wewe si wakili?"

Balozi alimtazama kama mtu aliyeonewa. "Nani aliwahi kukuambia mimi ni wakili?"

Sindano akatazama lile koti na ile mihuri. Ni kweli, hakuna aliyewahi kusema. Watu waliona koti, wakaona mihuri, wakamalizia wenyewe.

Akaanza kutafuta wakili wa kweli, na huko ndiko alikochoka kuliko kuvua kitambaa cha makochi kumi. Kila mtu alikuwa na ushauri. Gundi alimwambia anyamaze tu, kuna binamu yake alikaa kimya miaka mingi mpaka serikali ikamsahau. Jirani wa chumba cha pili alisema ukizaa mtoto nchini humo umemaliza kazi. Fundi cherehani wa mtaa wa pili aliapa kwamba ukivuka mpaka na kurudi siku hiyohiyo unapigwa muhuri mpya, mambo yameisha. Wote walizungumza kwa uhakika, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema amelisoma wapi au amelisikia kwa nani.

Ofisi ya kwanza aliyoingia ilikuwa na bango lililoorodhesha ardhi, talaka, ajali za barabarani, mirathi, madeni na uhamiaji. Wakili mwenyewe alikuwa bwana mnene mwenye simu mbili. Alimsikiliza huku akimjibu mtu mwingine kuhusu kiwanja.

"Una mume?" akamuuliza, mkono ukiwa juu ya simu.

"Alifariki."

"Basi olewa na raia. Ndiyo njia ya mkato."

"Mimi nimeuliza habari ya kibali, si habari ya posa."

"Nakuhakikishia asilimia mia, mama. Lete malipo ya awali, kesi hii imeisha." Kisha akarudi kwenye kiwanja chake. Sindano alitoka akiwa amelipia ushauri ambao hata kinyozi angempa bure.

Akapewa namba ya simu ya shirika linalosaidia wageni. Alipiga wakati wa mapumziko, amekaa juu ya kochi lisilo na mto, simu sikioni, ikipigwa muziki uleule unaorudi mwanzo kila alipodhani umekwisha. Hatimaye akapokea kijana mpole.

"Sisi tunahudumia wakimbizi tu, mama. Wewe umekimbia nini?"

"Sijakimbia kitu. Nilikuja kushona makochi."

"Pole sana. Basi hatuna namna."

Sindano aliweka simu chini taratibu, maana angejiachia angeitupa ukutani. Gundi akamuuliza wamesemaje. "Wamesema laiti ningefukuzwa kwetu," akajibu, na kazi ikaendelea.

Aliyempa mwanga ni dada wa benki aliyekuja kuchukua kiti chake cha kusomea. Alimwona Sindano amenuna, akamuuliza, akaambiwa. "Mawakili wana chama chao," akasema. "Piga simu pale. Uliza nani ana leseni na nani anafanya kazi ya uhamiaji hasa. Na yeyote atakayekuhakikishia atashinda, mkimbie." Sindano alijiuliza kwa nini hakuna aliyemwambia neno dogo kama hilo tangu mwanzo, na hasira zikampanda upya.

Chama kilimpa majina. Wa kwanza alikuwa amejaa hadi miezi ijayo. Wa pili alikuwa amehama mji. Wa tatu alimkubalia.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la dawa, ngazi nyembamba, mlango unaogoma kufunguka. Wakili alikuwa mama wa makamo aliyevua viatu chini ya meza na kuvisahau huko. Alimwonyesha leseni yake kabla hajaombwa, akamwambia bei yake waziwazi, akamwambia atapata risiti kwa kila atakacholipa. Kisha akamwacha aseme. Hakumkatisha. Simu ilipolia aliigeuza kifudifudi.

Sindano alipomaliza, wakili akasogeza karatasi zake pembeni. "Nyingi ya habari nilizonazo ni mbaya," akasema. "Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Uliza yote unayotaka kuuliza, hata lile unaloona la kijinga."

"Naweza kuendelea na kazi wakati nasubiri?"

"Hapana. Kuanzia leo. Ukikutwa kazini, umeniharibia kesi na umemponza bosi wako."

"Naweza kwenda nyumbani nikamchukue mwanangu mwenyewe?"

"Ukitoka bila kibali, wanaweza kukuzuia kurudi. Usivuke mpaka wowote, hata wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo."

"Nikikaa kimya watanisahau?"

"Hawasahau. Wanachelewa tu, na kila siku inayopita inakuongezea kosa."

"Nimeambiwa niolewe."

Wakili akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ukipenda mtu, olewa, nitakuja harusini. Ndoa ya kutafutia karatasi ni kosa la jinai."

"Mtoto wangu anahesabiwa umri wa siku gani? Siku nikiomba, au siku wakinijibu?"

"Siku ombi likipokelewa. Kwa hiyo tunawahi kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Lakini kuna tatizo. Ombi lake limesimama juu ya kibali chako, na wewe kwa sasa huna. Nitapeleka yote pamoja na kuomba yasikilizwe pamoja. Wakikataa lako, lake limekufa. Wakikubali lako, lake bado wanaweza kulikataa."

"Sasa mimi nilikosa nini?"

"Ulichelewa. Sheria inaona hilo tu. Inakubali ombi lililochelewa kama kuna sababu nzito, na sababu yako ni huyo mtu aliyekudanganya. Utaapa. Utasema alikuwa nani, alikuambia nini, mlikutana wapi. Nasi tutapeleka malalamiko dhidi yake."

"Lazima nitaje jina?"

Wakili akamwangalia. "Bila jina ni hadithi tu. Ni ndugu?"

"Ni mume wa dada yangu."

Wakili hakusema pole. Alisema atamsubiri hadi Ijumaa, zaidi ya hapo watakuwa wanacheza na siku ya kuzaliwa ya mtoto.

Dada alikuja mwenyewe chumbani kwake siku iliyofuata. Hakuvua hata mtandio. Alikaa ukingoni mwa kitanda, maana chumba kilikuwa na kiti kimoja na juu yake kulikuwa na nguo.

"Nimesikia umepata wakili," akasema.

"Nimepata."

"Sema ulichelewa mwenyewe, mdogo wangu. Sema ulikuwa mgonjwa. Wagonjwa wanahurumiwa."

"Unataka niidanganye serikali ili nimfiche mtu aliyenidanganya mimi?"

"Nataka watoto wangu wawe na baba yao nyumbani." Sauti ya dada ilikatika. "Alikupokea yule. Ulilala kwetu. Hakukuhesabia hata sahani."

"Najua, dada. Najua yote hayo. Ndiyo maana nilimpa pasipoti bila kuuliza."

"Basi msamehe."

"Nikimsamehe, mwanangu atapata kibali?"

Dada alizungusha pete kidoleni, akaizungusha tena. Kisha akasema kitu ambacho Sindano hakukitegemea. "Mwaka jana walitaka kututoa kwenye nyumba. Kodi ilikuwa imelala. Unafikiri ililipwa na nini?"

Sindano alimtazama dada yake. Huyu ndiye aliyemfundisha kutunga uzi. Ndiye aliyemwandikia, mwaka ule, aje, kuna kazi. "Ulijua," akasema.

"Nilijua amechukua. Sikujua kama hatarudisha. Alisema angepeleka mwezi unaofuata. Kila mwezi ulikuwa ule unaofuata."

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wagombane. Dada alisimama, akapanga zile nguo za kwenye kiti moja juu ya nyingine kana kwamba ndilo lililomleta, akatoka. Sindano alibaki akiwa na hasira isiyojua pa kwenda. Kwa Balozi ilikuwa rahisi kukasirika. Kwa dada hakujua aanzie wapi.

Ijumaa aliapa. Alitaja jina kamili la shemeji yake, lile ambalo hakuna mtu aliyelitumia, hata ilibidi afikirie kidogo. Aliharibu sahihi ya kwanza, wakachapa karatasi nyingine.

Wakili alimwomba atafute na wengine waliotapeliwa na Balozi, kwani wakiwa wengi wataaminika zaidi. Sindano akapita nyumba kwa nyumba. Mama mmoja muuza maua alimwambia Balozi ni mtu wa watu, hawezi kumsema vibaya, ingawa kibali chake mwenyewe hajakiona. Bwana mmoja dereva alifungua mlango nusu, akasikia neno kuapa, akaufunga. Mwingine alimtolea macho. "Unataka tujitaje kwa serikali kwamba hatuna karatasi? Wewe ndiye utatulinda?" Swali lilikuwa la haki. Alirudi na mikono mitupu, miguu imevimba.

Maombi yalipokelewa mtoto akiwa bado hajatimiza umri. Hilo lilikuwa ushindi, na kwa siku chache Sindano alitembea amenyoosha shingo. Kisha kukafuata kungoja. Kazini haruhusiwi, kwa hiyo alikaa chumbani, akashona mapazia yake, akayafumua, akayashona tena. Bosi alimwandikia barua ya kumsifu, halafu akapiga simu kulalamika kwamba Gundi anashona kama anayefunga gunia la mkaa na wateja wamenuna.

Walimwita kwenye mahojiano. Afisa alikuwa mtu wa taratibu, kalamu yake ikienda kama konokono. Alimuuliza swali lilelile kwa namna tatu.

"Kwa nini hukuja mwenyewe kuulizia?"

"Kwa sababu nilimwamini."

"Mtu mzima anaamini tu, haulizi?"

"Niliuliza. Niliambiwa karatasi ziko njiani."

"Kuamini si sababu inayotambuliwa kisheria, mama."

Wakili akamgusa Sindano mguu chini ya meza asijibu, kisha akazungumza yeye, vifungu na vifungu, na afisa akaandika bila kuonyesha kama anakubali au anachora.

Majibu yalikuja mtoto akiwa ameshavuka ile kumi na minane. Wakili alimpigia aje, hakutaka kumwambia kwenye simu. Kibali cha Sindano kilikubaliwa, cha mwaka mmoja badala ya mitatu kama zamani, pamoja na onyo. La mtoto lilikataliwa. Sababu ilikuwa kwamba siku ombi lilipopokelewa, mzazi hakuwa na kibali halali.

"Lakini sasa wamesema nilikuwa na sababu," Sindano akasema. "Wamenikubalia. Wananikubaliaje mimi halafu wanamkatalia yeye kwa kosa lilelile?"

"Ndivyo nitakavyosema kwenye rufaa."

"Tutashinda?"

"Sijui. Kama unataka nikadirie, nafasi ni chini ya nusu."

Sindano aliinuka, akasimama dirishani. Chini watu walikuwa wakiingia duka la dawa na kutoka. Alitaka kupiga kelele, lakini wakili yule hakuwa na kosa, na mwenye kosa alikuwa ameshahamisha meza yake. Walimtoza faini Balozi na kumkataza kujaza fomu za watu. Sasa alikaa nyuma ya duka la viatu mtaa mwingine, koti lilelile, wateja wapya. Watoto wa dada walikuwa bado wanamtembelea Sindano siku za Jumapili. Dada mwenyewe aliwasindikiza hadi kona, akageuka.

Jioni ile alimpigia mwanawe. Alijaribu kumweleza rufaa, akaanza na maneno ya kumpa moyo.

"Mama," kijana akamkatisha. "Kila mwaka unaniambia mwakani."

"Safari hii si mimi, mwanangu. Ni mambo ya sheria."

"Najua. Safari iliyopita ilikuwa chumba. Kabla yake ilikuwa shule." Hakuwa anapandisha sauti. Alikuwa amechoka, kama mtu mzima. "Nimeanza kazi kwa fundi umeme. Ananifundisha kuvuta nyaya. Hujawahi kuniuliza kama bado nataka kuja."

Sindano akakaa kitandani. Ni kweli kabisa. Alikuwa amewauliza mawakili, maafisa, majirani na shirika la wakimbizi. Mtoto hakumuuliza.

"Unataka kuja?"

Nyuma ya kijana bibi alisikika akimwuliza mtu kama mlango umefungwa.

"Sijui," akasema. "Zamani nilitaka sana. Sasa sijui, Mama."

"Rufaa inahitaji sahihi yako, kwa kuwa sasa wewe ni mtu mzima. Sitakulazimisha."

"Nitafikiria."

Alifikiria wiki nzima, na wiki hiyo Sindano alirudi karakanani na kuwa mkali kwa kila mtu. Alimfokea Gundi kwa ajili ya mishono aliyoiharibu, akafumua kochi zima lililokuwa limekwisha na kuanza upya, na bosi akamwacha afanye. Kisha sahihi ikaja, imepigwa picha kwa simu, chini yake maneno machache: nimesaini, ila sijaahidi kitu. Sindano alimpelekea wakili, na wakili akasema sahihi ya picha haipokelewi, itumwe karatasi yenyewe. Ikabidi amwombe kijana mara ya pili, jambo lililomuuma kuliko mara ya kwanza. Karatasi ilifika imekunjwa kona.

Siku ya rufaa alivaa nguo zake nzuri, akafika mapema, akakaa na wakili wake nje ya chumba cha kusikilizia. Mbele yao walikuwa watu wengine wanaosubiri, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Karani akatoka na kusoma majina, na alipofika kwa Sindano akasema mwenyekiti wa baraza la rufaa anaumwa, shauri limeahirishwa.

"Hadi lini?" Sindano akauliza.

"Mtaandikiwa."

"Nani ataandika?"

Karani akarudi ndani. Wakili akafunga mkoba wake, akasema atafuatilia mwenyewe kila wiki, na Sindano akajua kwamba atafuatilia kweli, maana hajawahi kumwambia la uongo. Hilo halikumpunguzia kitu. Alimwambia asante kwa sauti iliyotoka kavu kuliko alivyotaka, akamshika mkono, akashuka ngazi. Barabarani alituma ujumbe nyumbani: imeahirishwa, nitakuambia. Jibu lilikuja kabla hajafika kona. Kijana aliandika yuko juu ya dari, anavuta waya, atapiga jioni.

Akaurudisha mkoba wake begani na kuelekea karakanani, kwani bosi alikuwa amempa nusu siku tu.